Paka Mzee Hana Jeuri: Historia Fupi ya Beseni la Mchanga

Kama umewahi kuishi na paka mzee, huenda unaijua asubuhi ya namna hii. Unatoka chumbani na usingizi wako, unakanyaga kitu cha baridi kwenye zulia, unainama kunusa, na kumbe si maji. Beseni lake la mchanga liko palepale karibu na bafu, safi kabisa. Mwenyewe amejilaza kwenye kochi anakutazama, utadhani wewe ndiye unayedaiwa maelezo.

Kwetu Tanga paka huyo aliitwa Chausiku. Alikuwa na miaka 14, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea choo chake. Alipoanza, mama mdogo alitoa hukumu palepale: "Huyu kazeeka na jeuri. Choo chake anakijua, anafanya makusudi." Adhabu zikafuata, zile tunazozijua wote: kukandamizwa pua kwenye mkojo, kufungiwa nje usiku, kandambili kurushwa. Wiki ya tatu likaanza kutajwa gunia. Unajua gunia ni nini. Paka anatiwa ndani, anapandishwa bodaboda, anakwenda kutupwa sokoni mbali na nyumbani ili asijue njia ya kurudi.

Mimi nilikuwa ndiyo nimeanza masomo ya uzamili, na kama wanafunzi wote wa uzamili, nilidhani kila kitu kina jibu kwenye makala fulani. Nikaenda kutafuta jibu la Chausiku. Nilichokipata kwanza kilikuwa historia, na historia hiyo ndiyo iliyonifanya nimtetee. Twende nayo taratibu.

Mchanga ulitangulia, beseni likafuata

Asili ya paka wote wa majumbani ni kimburu, yule paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati ambaye wanasayansi humwita Felis lybica. Hajatoweka. Hata Serengeti yupo, na ukimwona alfajiri unaweza kudhani ni paka wa mtu aliyepotea, ila miguu yake ni mirefu kidogo. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya paka 979, wa porini na wa nyumbani. Wale wa nyumbani waliangukia kwenye kundi moja na kimburu wa Mashariki ya Kati.

Urafiki wetu naye ni wa siku nyingi. Mwaka 2004 Jean-Denis Vigne na wenzake walitangaza kaburi walilolichimbua Shillourokambos, kwenye kisiwa cha Kupro katika bahari ya Mediterania. Ndani yake alikuwamo binadamu, na sentimita 40 tu pembeni yake alikuwamo paka. Kaburi hilo lina miaka kama 9,500. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo kuna mtu alimpakia kwenye chombo akavuka naye bahari. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba binadamu walianza kulima na kuweka akiba ya nafaka, panya wakafuata nafaka, na paka akafuata panya. Hakuna aliyemwita. Alikuja kikazi, akabaki.

Sasa angalia alichokuja nacho. Alikuja na vitu viwili kutoka nchi kavu.

Cha kwanza ni tabia ya kuchimba. Mtoto wa paka akifika kama wiki ya nne huanza kupekua udongo laini na kufukia, hata kama hakuna aliyemfundisha. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kuficha harufu karibu na mahali anapolala. Pembezoni mwa eneo lake anaweza kuacha kinyesi wazi kabisa, kama kibao cha "hapa pana mwenyewe". Kwa hiyo hata porini kufukia si sheria isiyovunjwa. Ni uamuzi unaotegemea mahali na hali.

Cha pili ni figo. Figo za paka ni hodari wa kubana maji. Zinaweza kutoa mkojo mzito zaidi ya mara mbili ya mkojo mzito kabisa ambao figo zako zinaweza kuutoa. Ndiyo maana paka hunywa maji kidogo, hukojoa kidogo, na hicho kidogo kinanuka nyumba nzima.

Shika hivi viwili, kuchimba na kubana maji, kwa sababu kila kilichofuata kimejengwa juu yake. Na kwa miaka zaidi ya 9,000 havikuhitaji beseni. Paka alikula kwako, akalala kwako, haja akaenda kumalizia bustanini, jalalani au ufukweni. Nenda Lamu leo uone: maisha ni yaleyale.

Januari 1947, mji wa baridi

Shida ilikuwa kwa watu wa nchi za baridi na miji ya ghorofa. Huko waliweka sanduku lenye mchanga, majivu, unga wa mbao au magazeti yaliyochanwa. Harufu ilikuwa haivumiliki, na wengi waliishia kumtoa paka nje usiku, theluji au si theluji.

Kwenye mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, Marekani, kulikuwa na kijana aitwaye Edward Lowe, ametoka kulitumikia jeshi la wanamaji. Alifanya kazi kwenye biashara ya baba yake, wakiuza vitu vya kunyonya mafuta yaliyomwagika kwenye sakafu za karakana. Kwanza ulikuwa unga wa mbao. Baadaye ukaongezeka udongo mkavu wa punje punje, ambao una sifa mbili: unanyonya sana, na haushiki moto.

Januari 1947 jirani alikuja kuomba mchanga. Wake ulikuwa umeganda kwa baridi, na alipojaribu majivu, paka alitembea nayo nyumba nzima. Lowe akampa ule udongo wa karakana. Jirani hakurudi kulalamika, alirudi kuomba mwingine.

Lowe akapata wazo. Alijaza mifuko 10, kila mmoja kama kilo mbili na robo, akaandika kwa mkono "Kitty Litter" na kuipeleka kwenye duka la wanyama. Bei ilikuwa senti 65. Mwenye duka akamshangaa: nani atalipa senti 65 wakati mchanga ni karibu bure? Lowe akamwambia awagawie wateja bila malipo. Waliougawiwa wakarudi na pesa mkononi. Baada ya hapo alizunguka na gari lake kwenye maduka na maonyesho ya paka. Mwaka 1984 mwanakemia wa Texas, Thomas Nelson, akaleta hatua nyingine: udongo wa bentonaiti, ambao ukilowa unashikamana kuwa donge, unalichota, unatupa, na uliobaki unabaki mkavu.

Utasema, sawa, hiyo ni hadithi ya mfanyabiashara, inamhusu nini Chausiku? Inamhusu sana. Udongo ule ulimwezesha paka kuishi ndani usiku na mchana, mwaka mzima. Na paka wa ndani hagongwi na gari, hapigani na madume wa mtaa, haokoti sumu ya panya. Ukijumlisha na chanjo na chakula bora, matokeo yake ni kwamba paka wengi sasa wanafika miaka 14, 15, hata 18. Yaani beseni ni miongoni mwa vitu vilivyotupatia paka wazee. Na hao wazee ndio wanaolikimbia.

Mkojo unageuka kesi

Paka wa nje akiumwa figo, nani atajua? Anakojoa mara 10 kwa siku kwenye mchicha wa jirani, basi. Paka wa ndani akiumwa figo, ushahidi uko kwenye zulia. Hapo mkojo unakuwa ujumbe, na sisi binadamu hatukosi tafsiri: kisasi, wivu, dharau. Usidhani ni sisi wa Tanga peke yetu. Marekani kwenyewe, kukojoa nje ya beseni kumekuwa miongoni mwa sababu zinazotajwa mara nyingi na watu wanaomsalimisha paka kwenye vituo vya wanyama. Na paka mzee akifika pale, si rahisi apate mtu wa kumchukua. Gunia lina majina mengi.

Kilichobadilisha mambo ni madaktari kuuliza swali lingine. Badala ya "kwa nini huyu ana jeuri?" wakauliza "ni nini kinamuuma?" Tazama majibu yalivyokuja, moja moja, ndani ya miaka isiyofika 50.

Mwaka 1979 Mark Peterson na wenzake, New York, walieleza ugonjwa wa paka wazee ambao tezi yao ya shingoni, thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi. Paka anakula kama mchwa lakini anakonda, halali, anakunywa maji na kukojoa sana. Kabla ya hapo ugonjwa huu haukuwa na jina kwa paka.

Figo nazo. Ule uhodari wa kubana maji ndio unaotangulia kuondoka. Figo zikianza kuchoka, mkojo unakuwa mwepesi na mwingi, na kwa kawaida mpaka hali hiyo ionekane, kama theluthi mbili ya uwezo wa figo imeshapotea. Hebu mfikirie paka huyu. Beseni lililokuwa linapokea mikojo miwili au mitatu midogo kwa siku sasa linafurika. Mchanga unakuwa tope kabla hujarudi kutoka kazini. Wewe ungeingia choo cha namna hiyo pekupeku? Anatafuta pakavu, na zulia ni kavu.

Halafu viungo. Mwaka 2002 Elizabeth Hardie na wenzake walichapisha uchunguzi wa picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12. Tisini kati yao walionyesha viungo vilivyochakaa. Tisini kwa mia! Mbona hatukujua? Kwa sababu paka hachechemei kama mbwa. Mara nyingi kuchakaa kunampata pande zote mbili, kwa hiyo hakuna mguu wa kuuonea huruma. Anachofanya ni kupunguza: haruki tena dirishani, anapanda kochi kwa hatua mbili. Na beseni lenye ukingo wa sentimita 15, kwake ni ukuta wa kupanda kila saa chache. Akiumia mara kadhaa anapoingia, anaunganisha maumivu na beseni. Hajasahau choo kiko wapi. Anakijua, na anakiogopa.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka: masikio yamekaaje, macho yamefumbwa kiasi gani, mdomo, sharubu na kichwa vimekaa vipi. Na Januari 2022 Marekani iliidhinisha sindano ya kwanza ya aina yake kwa ajili ya maumivu ya viungo vya paka. Fikiria hilo: miaka 9,500 tunaishi naye, na kumsoma uso wake akiumwa tumejifunza juzi tu.

Lipo pia suala la ubongo. Paka wazee sana, kama binadamu, wengine hupata usahaulifu wa kweli. Wanalia usiku, wanapotea ndani ya nyumba yao wenyewe, wanasimama mbele ya ukuta. Huyo hata ukimpiga hajui anapigwa kwa lipi.

Na kuna kibofu. Kwa miaka mingi matatizo yote ya mkojo wa paka yaliwekwa kwenye kapu moja. Kuanzia miaka ya 1990 Tony Buffington na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walionyesha kwamba paka wengi wenye kibofu kinachouma hawana bakteria wala mawe. Wana kibofu kinachoitikia hofu. Mgeni ndani ya nyumba, paka mpya, fujo, kuhamahama: mwili unapandisha tahadhari na kibofu kinawaka. Walipoboresha mazingira, kwa kumpa mahali pa kujificha, utulivu na ratiba isiyobadilika, wengi walipata nafuu. Sasa rudi kwenye kandambili na pua kwenye mkojo. Tulikuwa tunatibu hofu kwa kuongeza hofu.

Turudi Tanga

Kabla ya kwenda kwa daktari wa mifugo nilifanya kosa moja nusura limalize habari yote. Nilishajua viungo vinamuuma, na kabatini kulikuwa na parasetamoli. Nilikuwa nimeshaikata kidonge nusu. Bahati nzuri nilisoma kwanza. Tafadhali lishike hili hata kama mengine yote utayasahau: usimpe paka parasetamoli, hata kipande. Ini la paka halina kimeng'enya kimoja muhimu cha kuivunja dawa hiyo, kwa sababu kinasaba chake kiliharibika zamani kwenye ukoo wa paka wote. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Hata dawa za kusafishia sakafu zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizichanganya na maji, zina hatari kwake kwa sababu hiyohiyo.

Daktari alimpapasa, akambinya magoti taratibu, Chausiku akang'aka. Akachukua mkojo, akaupima, ukawa mwepesi kama maji. Damu ikathibitisha: figo zimechoka. Alikuwa na mawili kwa pamoja, figo na viungo. Jeuri haikuonekana kwenye kipimo chochote.

Dawa yenyewe ilikuwa kidogo. Kazi kubwa ilikuwa ya kurekebisha makubaliano ya nyumbani. Tulichukua dumu tupu la mafuta ya kula la lita 20, tukalilaza, tukalikata ubavu, na upande mmoja tukaushusha ukingo ukabaki kimo cha vidole vitatu. Tukasugua makali yasimkate. Tukaweka mchanga laini wa kujengea, si kokoto. Dumu la pili tukaliweka karibu na kochi, ili asilazimike kuvuka nyumba nzima. Tukachota asubuhi na jioni badala ya mara moja. Pale alipokojoa zamani tulisafisha kwa sabuni ya kufulia yenye vimeng'enya, si kwa dawa yenye amonia, kwa sababu harufu ya amonia inafanana na mkojo na inamwita arudi. Maji ya kunywa tukaweka bakuli mbili, maana paka wa figo hafai kunyimwa maji hata kidogo ati asikojoe.

Na kama wako ni dume, ongeza hili: ukimwona anaingia na kutoka kwenye beseni, anachuchumaa, analia, na hakitoki kitu, hiyo si ya kusubiri kesho. Njia imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu.

Je, Chausiku alipona? Hapana. Figo hazirudi. Na siyo kwamba hakukosea tena. Kuna siku alikuwa ndani ya dumu miguu yote minne, lakini makalio yako nje, na mkojo ukaenda sakafuni. Lakini alikuwa anajaribu, na hilo ndilo lililomaliza kesi. Mtu mwenye kiburi hajaribu.

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa zaidi. Gunia halikutajwa tena. Mama mdogo hakuwahi kusema kwamba alikosea, na mimi sikumwuliza, kwa sababu kwetu mtu haulizi hivyo. Ila alasiri moja nilirudi nikamkuta amekaa uani kwenye kigoda, ana lile chekecheo la zamani la unga, anachekecha mchanga wa dumu na kutoa vijiwe kimoja kimoja.

"Miguu yake mibovu," akasema bila kuinua macho. "Vitamchoma."

Kwa hiyo kesho ukikanyaga baridi kwenye zulia, kabla hujaokota kandambili, hesabu miaka ya huyo paka. Mtazame akipanda kochi. Pima kimo cha ukingo wa beseni kwa vidole vyako. Halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo.